Haja ya Mtu na Mlango wa Mwenzake

Suala hili lililetwa katika darsa letu hapa Sugoi baada ya sala ya Alasiri. Mwenye kulileta hakupenda jina lake litajwe, nasi hatulitaji. Aliuliza hivi: mtu mwenye maradhi ya matumbo, haja ikimshika ghafula naye yumo njiani, akaingia katika duka la mtu kuomba choo, je, mwenye duka ana haki ya kumkatalia? Na akimkatalia, je, amemdhulumu, au amemnyima hisani tu ambayo hakulazimika kuitoa?

Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Twalitaja hilo mwanzo kwa kuwa kicheko kile ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Choo kikitajwa watu hucheka, ama hugeuza uso, na baada ya hapo hapana tena anayefikiri. Ilhali vitabu vyetu vya fiqhi huanza na mlango wa tahara, na ndani ya mlango huo imo adabu ya kukidhi haja, ambayo mtoto huisoma chuoni angali mdogo. Dini isiyoona haya kumfundisha mtu ni mguu gani autangulize aingiapo chooni, haiwezi kuona haya kusema juu ya mtu aliyezuiwa kuingia.

Muulizaji wetu ni mkulima wa mahindi, mtu wa makamo, na kwa kumtazama hana dalili ya ugonjwa wo wote. Kwa miaka alikuwa akihara damu, naye akiambiwa ni amiba, akapewa dawa, akapata nafuu kidogo, kisha ikarudi. Jirani mmoja alimwambia amerogwa. Mwishowe alipimwa kwa kamera katika hospitali mjini Eldoret, akaambiwa kuwa utumbo wake mpana una vidonda visivyotokana na amiba wala na mdudu mwingine.

Maradhi haya yafaa yaelezwe, kwani wasioyajua ni wengi kuliko wanaoyajua. Yako ya namna mbili kubwa. Moja huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa Marekani ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1932. Huu waweza kushika sehemu yo yote ya njia ya chakula. Ya pili ni ile ya vidonda vya utumbo mpana, nayo ndiyo iliyompata mwenzetu. Katika zote mbili, askari wa mwili, wale ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, huugeukia utumbo wenyewe na kuushambulia, ukavimba na kutoa damu. Maradhi haya hayaambukizi. Hayakuletwa na uchafu wa mgonjwa wala na ulafi wake. Hukaa na mtu umri wake wote, mara yakilala, mara yakiamka. Dawa zaweza kuyatuliza kwa muda mrefu, na wengine hukatwa utumbo wakawa wanabeba mfuko juu ya tumbo, ambao nao wahitaji mahali pa faragha na maji pa kuumwagia. Katika nchi zetu mtu huchelewa kujua alicho nacho, kwani kuhara damu hufananishwa na amiba, na ugonjwa wa Crohn hufanana sana na kifua kikuu cha matumbo, hata daktari hodari huweza kuvichanganya.

Lakini jambo lililo kubwa katika suala letu ni moja. Sehemu ya mwisho ya utumbo, ambayo kwa mtu mzima wa afya huweza kuzuia haja hata saa nzima akimaliza shughuli zake, ikivimba haiwezi kuzuia. Mgonjwa hupewa habari na tumbo lake, na baada ya dakika chache, pengine mbili, pengine tano, mambo hayamo tena mikononi mwake. Kumwambia "jikaze kidogo" ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie kidogo. Na mwenye kuvunjika mguu ana bahati, kwani mguu wake waonekana.

Basi Ijumaa moja mwenzetu alikuwa mjini akielekea msikitini, haja ikamshika. Aliingia katika duka ambalo amenunua humo mbolea na misumari kwa miaka. Akamwomba aliyesimama kaundani: "Mama, tafadhali naomba ufunguo wa choo." Akajibiwa kuwa choo ni cha wafanyakazi. Akasema, "Mimi ni mgonjwa, mama." Akaulizwa mbele ya wateja: "Mgonjwa wa nini? Mbona uko mzima?" Hapo alinyamaza. Alituambia kuwa neno la kukataliwa lisingemuumiza sana, kwani kukataliwa amekuzoea. Lililomfunga kinywa ni lile la kuulizwa. Akatoka. Yaliyompata nje hatutayaeleza.

Tangu siku ile hakwenda tena mjini ila kwa lazima, na sala ya Ijumaa akaiacha. Sisi hatukujua. Wawili katika sisi tulimwendea nyumbani kwake kumpa nasaha, tukamsomea makemeo yaliyokuja juu ya mtu aachaye Ijumaa tatu mfululizo kwa kupuuza. Alitusikiliza kwa adabu, akatupa chai, wala hakujibu neno. Ilipita miezi kabla hajatuambia. Twayaandika haya ili msomaji ajue ya kuwa hatusemi kama watu waliosimama mbali na kosa.

Sasa tuwape wenye maduka haki yao, kwani mara nyingi waandishi huwashitaki wafanyabiashara bila ya kuwasikiliza. Tulikwenda tukawauliza wa hapa hapa kwetu. Hapa nyuma ya safu ya maduka huwa choo kimoja cha shimo, chenye kufuli, na ufunguo wake umefungwa kwenye kipande cha ubao usipotee. Shimo likijaa wapangaji huchanga kulitapisha. Maji hununuliwa kwa mtungi pale mfereji ukikauka. Tena sisi tu karibu na barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Malaba, ambayo ni njia ya malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda; na tangu mwaka 2022, William Ruto ambaye nyumbani kwake ni hapa alipochaguliwa Rais, jina la Sugoi limejulikana kote, na wageni hawakosi. Mwenye duka mmoja alituambia: "Nikimfungulia mmoja, kesho nitakuwa na foleni ya utingo." Mwingine alisema aliwahi kumwonea mtu huruma, akampitisha ghalani, naye akatoka na katoni ya sabuni. Wa tatu, na huyu ndiye aliyetushinda kwa hoja, alimwonyesha msichana aliyekuwa akifagia, akasema: "Mnaniomba mimi niwe karimu, lakini atakayesafisha ni huyu."

Hizi si hoja za watu wabaya. Mtu akizisikia asikimbilie kusema kuwa nyoyo zimekuwa ngumu siku hizi. Choo cha mtu ni mali yake, na mali ya mtu haimhalalikii mwenzake ila kwa ridhaa. Tukiuvunja msingi huu kwa ajili ya mgonjwa, kesho utavunjwa na asiye mgonjwa.

Lakini je, miliki ya mtu haina mpaka? Wasomaji wetu waikumbuke Suratul-Maun, sura fupi ambayo wengi wetu huisoma katika sala kwa sababu ya ufupi wake, bila ya kuisikiliza. Mwisho wake ni kuwalaumu watu wanaozuia kitu kinachoitwa maun. Wako maulamaa waliosema kuwa ni Zaka, na imepokewa kwa Ibn Masud (R.A.) na wengine kuwa ni vile vyombo ambavyo watu huazimana, kama ndoo, sufuria na shoka. Yatazame mambo haya. Shoka ni mali ya mwenyewe, hapana anayebisha. Ndoo ni yake. Hata hivyo anayezizuia amewekwa katika sura moja na anayemsukuma yatima. Kwa nini? Twaona sababu yake ni kuwa vitu hivi havimpungukii mwenyewe vikitumiwa, na kumbe kwa anayevikosa wakati ule ni kila kitu. Miliki imebakia pale pale, bali haki ya kuzuia imepungua. Na ikiwa ndoo inahesabiwa, ambayo mtu aweza kuikosa akasubiri mpaka jioni, itakuwaje mlango wa choo kwa mtu asiyeweza kusubiri dakika tano?

Liko na jambo jingine lililo zito zaidi. Imepokewa na Muslim kwa Bi Aisha (R.A.) ya kuwa mtu hasali hali ya kuwa anasukumana na haja mbili, kubwa na ndogo. Akawahi kwanza chooni, kisha asali. Tulifikiri sana juu ya hili. Sala ni haki ya Mwenyezi Mungu juu ya mja, nayo husogezwa nyuma kidogo ili mja akidhi haja ya tumbo lake. Basi mwenye duka akisema, "Ngoja kwanza nimalize na wateja," ajue ya kuwa anaidai haki yake itangulie mahali ambapo sala haikutangulia.

Na kisa cha bedui aliyekojoa msikitini wakijua wote. Masahaba walimkemea, Mtume (S.A.W.) akawazuia, akaamuru aachwe amalize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale mahali, na baadaye akamfundisha yule mtu kwa upole. Kisa hiki husomwa kuwa ni dalili ya upole katika kufundisha, na ni kweli. Lakini kimo ndani yake kitu ambacho sisi tulikipita mara nyingi bila ya kukiona: wanavyuoni walisema kuwa kumkatiza katikati kungemdhuru mwili wake. Yaani mwili wa mtu mmoja mjinga asiyejua adabu ulipimwa na utukufu wa msikiti, na mwili ukapewa nafasi, na msikiti ukapewa ndoo ya maji. Hapana aliyemwuliza kwa nini hakuweza kungoja.

Kijana mmoja katika darsa aliposikia haya alipata joto, akasema kuwa basi mgonjwa na aingie kwa nguvu, dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Tulimzuia. Kanuni hiyo ni kweli, lakini ina ndugu yake ambaye watu humsahau: dharura haibatilishi haki ya mwingine. Mwenye njaa aliyekula chakula cha mtu ili asife hana dhambi, lakini chakula atakilipa. Hivyo hivyo anayeingia katika choo cha mwenzake kwa dharura hana budi kuacha mahali kama alivyopakuta, na ikiwa hawezi, alipe maji na alipe kazi ya yule msichana. Hili ndilo jawabu letu kwa yule mwenye duka wa tatu. Shilingi 10 ambazo hutozwa katika vyoo vya kulipia hazina ubaya. Ubaya ni kumpandishia bei mtu kwa kuwa umeuona uso wake umebadilika, ama kumrudisha kwa kuwa hana sarafu mkononi.

Katika nchi nyingine jambo hili limeingia katika sheria. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, msichana mmoja mwenye ugonjwa wa Crohn, Ally Bain, alinyimwa choo dukani, akapata aibu mbele ya watu. Hakunyamaza. Yeye na mama yake walilipeleka jambo kwa mbunge wao, na mwaka 2005 sheria ikapitishwa ya kumlazimisha mwenye duka kumruhusu mteja mwenye maradhi kama hayo kutumia choo cha wafanyakazi, ikiwa hapana choo cha watu wote karibu, na wafanyakazi waliopo ni zaidi ya mmoja, na njia ya kwendea haina hatari kwa mgonjwa wala kwa mali. Majimbo mengine kadhaa yakafuata. Tuliposoma masharti hayo tuliona kuwa hofu za wenye maduka wa Sugoi zimo humo karibu zote, nazo zimejibiwa bila ya kumtupa mgonjwa.

Hapa Kenya hatuna sheria ya namna hiyo. Tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 28 chataja heshima ya kila mtu, na cha 43 champa kila mtu haki ya afya na ya huduma za usafi za kiwango cha kuridhisha. Na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa hukumu katika shauri la wakili mmoja aliyelalamika kuwa barabara kuu za nchi hazina vyoo, wasafiri wakawa wanajisaidia vichakani. Mahakama ikaona kuwa mamlaka za serikali zina wajibu katika jambo hilo. Ni hukumu njema. Lakini choo cha barabarani kikijengwa leo, aliyeshikwa na haja katikati ya mji wa Eldoret, ambao ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, bado atasimama mbele ya kaunda ya mtu. Serikali haiwezi kujenga choo katika kila hatua mia. Mlango ulio karibu siku zote utakuwa ni wa mtu fulani.

Turudi kwenye lile swali, "Mgonjwa wa nini?" kwani hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote, hata Magharibi ikatukuta.

Wengi katika darsa walikubali kuwa mgonjwa afunguliwe, lakini wakashikilia kuwa ni lazima athibitishe. Wakasema waongo ni wengi. Katika Marekani yenyewe, baadhi ya majimbo humruhusu mwenye duka kudai karatasi ya daktari. Na Uingereza chama cha wagonjwa huwapa wanachama wake kadi ya kuonyesha, ili wasilazimike kueleza. Kadi ni jambo jema kwa aliye nayo na akapenda kuitumia. Lakini tuuliza: mwongo katika jambo hili ni nani, naye anapata nini? Anayedanganya katika Zaka huchukua sehemu ya fakiri, na fakiri akalala na njaa. Anayedanganya ili apate choo, anapata choo. Hapana mtu aachaye njia yake akaingia duka la mbolea kuomba ufunguo wa choo cha shimo kwa kufurahisha nafsi yake. Aliyesema uongo ili aingie chooni, hakika alikuwa na haja ya choo, na uongo wake ni juu ya sababu tu. Basi ushahidi unaodaiwa haulindi kitu. Humzuia mwenye kadi asiisahau nyumbani, na humfungia nje mama mjamzito, na mzee asiyeweza kuzuia mkojo, na yule ambaye hajapimwa bado na angali akinywa dawa za amiba, kama alivyokuwa mwenzetu miaka yote ile. Yeye wakati ule angeonyesha kadi gani?

Na ikiwa hofu ni wizi, mali na ilindwe. Kikapu cha mgeni na kikae kaundani. Mtu na amsindikize mpaka mlangoni. Hayo hayamvunjii mtu heshima, kila mmoja wetu huyakubali katika maghala. Kulinda katoni za sabuni ni jambo moja, na kulipekua tumbo la mtu mbele ya wateja ni jambo jingine. Aibu ya mwili ni amana ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri, na anayemlazimisha mwenzake kuifunua kwa bei ya ufunguo amechukua kitu ambacho shilingi 10 hazitakirudisha. Twasema hivi waziwazi: kwa maoni yetu, aliyekataa bila ya kuuliza amenyima, lakini aliyeuliza mbele ya watu kisha akakataa amedhulumu. Wako wenzetu wawili ambao hawakubaliani nasi katika tofauti hii, wasema yote ni mamoja. Tumewaachia nafasi waandike.

Bi Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa damu haimkatiki. Ni jambo ambalo hata leo mwanamke angeliona zito kulitamka. Alijibiwa kwa utulivu, akaelezwa namna ya kujitahirisha na kusali, na juu ya jibu lile mafakihi wakajenga hukumu za kila mtu ambaye hadathi yake haikatiki, akiwamo mwenzetu: asafishe, ajifunge, atawadhe kila wakati wa faradhi uingiapo, asali. Yeye alipolisikia hili alisema kwamba kwa miaka mitatu alidhani sala zake zote ni batili. Hakupata kumwuliza mtu. Tulitazamana.

Sasa limebaki jambo ambalo tulitamani lisiwemo katika makala haya. Tulipokwisha kuwahukumu wenye maduka, yule muulizaji akainua mkono tena, kwa adabu yake ile ile, akasema: "Masheikh wangu, na choo cha msikiti?" Choo cha msikiti tunaosali kina kufuli. Hufunguliwa robo saa kabla ya adhana na hufungwa watu wakitoka. Kufuli liliwekwa kwa shauri la kamati, na baadhi yetu tulikuwamo katika kamati hiyo, kwa sababu watu wa sokoni walikuwa wakiingia na kuchafua, na wengi wao si Waislamu. Tulisema wakati ule kuwa twailinda tahara. Ijumaa ile ya mwenzetu, mji wote ulikuwa na vyoo vingi, na viwili katika hivyo vilikuwa karibu naye kuliko vingine: kimoja cha duka, na kimoja chetu sisi, ambacho saa ile kilikuwa kimefungwa. Hakujaribu hata kuja, alijua.

Katika maisha yetu tumeona waqfu wa mazulia, wa vipaza sauti, wa saa za ukutani, na majina ya waliotoa yakaandikwa. Waqfu wa choo na ndoo na mshahara wa msafishaji hatujauona, labda kwa kuwa hapana apendaye jina lake liandikwe hapo. Mmoja wetu amejitolea kulipa maji ya miezi 6. Mwingine ameuliza kama msafishaji aweza kulipwa katika sanduku la Ijumaa, na jambo hilo halijaamuliwa, kwani mweka hazina asema sanduku ni la ujenzi. Kamati itakutana Jumapili baada ya Adhuhuri. Muulizaji wetu amealikwa, na mkutano utafanywa kwa mwenye nyumba aliye karibu naye. Tumemtaka mtunza funguo aje na kufuli.